Maji kwa Mtu, Mchanga kwa Asidi

Anayepika sabuni ya mawese Kasongo hahitaji kufundishwa kemia. Anajua kuwa soda kostiki hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku akikoroga. Hamwagi maji juu ya soda iliyolala chini ya ndoo. Akikosea, ndoo huchemka bila moto na matone humrukia usoni. Anajua pia kuwa sufuria ya alumini haifai, kwa sababu soda huila na kutoa gesi inayowaka. Kanuni hiyo ya uani ndiyo inayotawala tangi la asidi, gunia la chokaa isiyozimwa na pipa la kabaidi. Ila ikishafika barabarani na gereji, hufupishwa ikawa amri moja: kemikali kali isiguswe na maji. Kwa kemikali iliyomwagika chini, amri hiyo ni sahihi. Kwa mtu aliyerukiwa nayo, amri hiyo hiyo humpofusha au kumuua. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kusini mwa mkoa wa Maniema, Congo, ambako jirani ndiye zimamoto, maswali haya mawili hayana budi kutenganishwa mapema, kabla ya siku ya ajali: dutu ifanyiwe nini, na mwili ufanyiwe nini.

Tuanze na asidi ya salfuriki, kwa kuwa ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ile inayosafirishwa viwandani huwa na nguvu ya asilimia 98 hivi, na lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.84. Maji ni mepesi kuliko hiyo, kwa hiyo ukiyamwaga juu yake hukaa juu, yakapata joto kali pale yanapokutana nayo, yakachemka ghafla na kurusha asidi pande zote. Lakini kinachoamua matokeo ni kipi kimezidi kingine. Kikombe cha maji juu ya dimbwi la asidi huleta mchemko. Ndoo ya maji juu ya utando mwembamba wa asidi ulioshika mkono huondoa asidi pamoja na joto lake, kwa sababu joto la gramu chache za asidi halitoshi kuchemsha lita 10 za maji yanayopita. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na zimamoto wa Marekani na Kanada unaonyesha jambo hili vizuri. Ukurasa wake namba 137, unaohusu dutu babuzi zinazoitikia maji kwa ukali, unakataza kumwagia maji dutu yenyewe ikiwa haijashika moto. Kisha, katika ukurasa huo huo, unaagiza ngozi au macho yaliyoguswa yaoshwe mara moja kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 30. Anayesoma nusu ya ukurasa ni hatari kuliko asiyesoma kabisa. Nako hospitalini, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 juu ya watu waliounguzwa na kemikali ulionyesha kuwa waliooshwa ndani ya dakika 10 walipata majeraha machache zaidi ya kina kizima cha ngozi na walilazwa siku chache kuliko waliochelewa. Hakuna dawa ya hospitali inayozirudisha dakika hizo.

Kwa soda kostiki jambo ni zito zaidi, na hapa mpika sabuni anaweza kumfundisha hata muuguzi. Soda ikikutana na mafuta huyageuza sabuni. Ndiyo kazi yake. Ngozi ya binadamu nayo ina mafuta, na soda haibagui. Ule utelezi anaousikia mtu vidoleni baada ya kugusa soda ni ngozi yake mwenyewe inayoanza kuwa sabuni. Maumivu huchelewa, kwa hiyo mtu hunawa mara moja, akaona yamekwisha, na dutu ikaendelea kuchimba ndani. Kidonda cha soda huoshwa kwa muda mrefu kuliko cha asidi, saa nzima au zaidi, na jicho kuliko kiungo kingine chochote. Kupaka mawese juu yake, kama ambavyo wengi hufanyia kidonda cha moto, ni kuifungia soda ndani ya ngozi. Limao au siki nayo si jibu: kuikata soda kwa asidi hutoa joto lake juu ya nyama ambayo tayari imeungua, na muda unaotumika kutafuta limao ndio muda wa kuosha.

Congo imekwisha kulipa bei ya kutojua mambo haya. Tarehe 20 Februari 2019, lori lililokuwa likipeleka asidi ya salfuriki kwenye mgodi wa Mutanda, mkoani Lualaba, liligongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, si mbali na Tenke. Waliokufa hawakupungua 18, na asidi iliwamwagikia abiria na watu wa kando ya barabara. Karibu miaka tisa kabla yake, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini. Watu walisogea, wengine na vyombo vya kuchotea, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 200. Kemikali za ajali hizi mbili ni tofauti, ila barabara ni ya aina moja: nyembamba, yenye nyumba kandokando, na lori likilala ubavu umati hufika kabla ya mtu yeyote mwenye vifaa. Sange inatufundisha kutosogea. Kabwe inatufundisha kuwa wapo ambao kemikali imekwisha kuwafikia, na kwao kusimama mbali na kutazama si usalama.

Mtu wa Kabambare atasema kwamba matangi ya asidi ya migodi ya shaba ni mambo ya Lualaba na Haut-Katanga, si yake. Ni kweli kwa sehemu. Huku, hatari huja kwa vifurushi vidogo: asidi ya betri za pikipiki na za umeme wa jua, soda ya sabuni, klorini ya unga ya kupambana na kipindupindu, kabaidi ya mafundi wa kulehemu. Kisha kuna dhahabu. Mgodi wa Namoya, jirani na Salamabila katika teritwari ya Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na uchenjuaji wa dhahabu wa viwandani kwa kawaida hutegemea sianidi, pamoja na chokaa inayozuia sianidi isigeuke gesi. Kila kimoja kina tabia yake. Kabaidi ikilowa hutoa asetilini, karibu lita 300 kwa kilo moja, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Pipa lake likivuja mvuani lifunikwe kwa kitu kikavu, na sigara izimwe mbali. Chokaa isiyozimwa ikilowa kidogo ndani ya lori hupata joto la kuweza kuwasha magunia na mbao. Klorini ya unga ikichanganyika na mafuta ya gari inaweza kuwaka yenyewe, na ikikutana na asidi hutoa gesi inayokaba mapafu. Sianidi kavu haiungui, lakini unyevu pamoja na asidi yoyote huitoa sumu yake hewani. Hata mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni haufai karibu nayo. Asidi yenyewe ina ujanja wake: ikiwa kali kabisa haiili chuma cha tangi kwa kasi, ndiyo maana huchukuliwa kwa matangi ya chuma, lakini mvua ikiingia na kuizimua, huanza kutafuna chuma na kutoa haidrojeni. Tangi lililotulia jana linaweza kuwa bomu kesho.

Je, maji ya kumwosha mtu hayatapeleka sumu kwenye mto Luama na hatimaye Lualaba? Swali ni la haki. Mwaka 1998 lori lilitumbukiza sianidi zaidi ya tani moja na nusu katika mto Barskoon, Kirigizistani, na waliokunywa maji ya mto huo ndio walioogopa. Lakini hapo ndipo kutenganisha maswali kunapofaa. Shehena iliyomwagika haisukumwi kwa maji. Inazingirwa kwa udongo mkavu au mchanga, mfereji unaoelekea mtoni unazibwa, na wanaoteka chini ya mto wanapigiwa simu wasiteke. Gramu zilizo kwenye ngozi ya mtu mmoja, zikienda na lita 300 za maji, si kitu mbele ya mto. Kuna ubaguzi mmoja ninaoukubali: unga mkavu wa chokaa au wa soda hukung'utwa kwanza, nguo zikivuliwa, ndipo maji yafuate kwa wingi. Hilo ni suala la sekunde. Lisigeuzwe kisingizio cha kungoja.

Pingamizi zito zaidi ni la maji yenyewe. Dakika 30 kwa lita 10 kila dakika ni lita 300, yaani bidoni 15 za lita 20, na mahali pengi kati ya Kasongo na Kabambare bidoni moja hupanda mlima juu ya kinga, yaani baiskeli. Hesabu hiyo ni ya bomba la kiwanda. Kwa kikombe kinachomiminwa taratibu bila kukatika, lita 5 kwa dakika zinaweza kutosha eneo dogo kama jicho au mkono, na hapo tunazungumzia bidoni 7 na nusu. Maji ya mto yenye matope kidogo ni bora kuliko maji safi yatakayofika baada ya nusu saa; uchafu wa kidonda una dawa, jicho lililokwisha kuliwa halina. Kungojea maji ya kunywa ni kosa la watu waangalifu, nalo hunisikitisha kuliko makosa ya wazembe.

Wako watakaosema kwamba hii yote ni kazi ya mwenye shehena, na ni sawa. Lori linalobeba asidi ya salfuriki linapaswa kuonyesha namba yake ya Umoja wa Mataifa, 1830, na la sianidi 1689, ili mpita njia aitaje namba hiyo kwa simu bila kukaribia. Sheria ya madini, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mapipa ya maji kwenye madaraja na vivuko hayangekula sehemu kubwa ya fedha hizo. Lakini dakika 10 za kwanza haziwezi kuwa za kampuni, hata kampuni iwe njema kiasi gani. Ni za aliye karibu, na huku aliye karibu mara nyingi ni reko, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji. Kasongo ndiko wataalamu wa Antwerp na wenzao Wakongo walikojaribu, tangu miaka ya 1970, mtandao wa vituo vidogo vya afya vinavyozunguka hospitali moja, kazi iliyosaidia kujenga mfumo wa zoni za afya wa nchi nzima. Mtandao huo uliokwisha kubeba chanjo unaweza kubeba sentensi mbili zaidi, moja ya dutu na moja ya mwili, na pipa moja. Reko atataka lifunikwe vizuri, maana pipa lililoachwa wazi huzalisha mbu, nao hawangojei lori lipinduke.