Daftari Kando ya Kitanda

Kwa mgonjwa aliyepata kiharusi kikubwa, aliyeanguka na bodaboda au ambaye malaria imempanda kichwani, tuna neno moja tu: hajitambui. Ndugu hulisikia wodini Bukoba, huondoka nalo hadi Muleba, na miezi sita baadaye bado hulijibu hilo hilo anapoulizwa njiani habari za mgonjwa. Ndani ya neno hilo kuna hali tatu zisizofanana. Aliye katika koma amefumba macho na hazinduki hata akifinywa. Hali hiyo ni nadra kuvuka wiki chache. Asipofariki, hufumbua macho, na wengine hukwama hapo: hulala na kuamka, hupumua wenyewe, hupiga miayo, huguna, hata hutoa machozi, wala hakuna dalili kwamba wanajua lolote. Shina la ubongo, linaloendesha pumzi na usingizi, limesalimika. Sehemu za juu zinazofikiri na kuhisi, au njia zinazoziunganisha, zimeharibika. Hii ndiyo hali ambayo madaktari Bryan Jennett na Fred Plum waliipa jina mwaka 1972. Hali ya tatu, utambuzi hafifu, ilipata maelezo rasmi ya kitabibu mwaka 2002 tu. Mgonjwa wa namna hii leo anafuata uso wa mtu kwa macho, kesho hafanyi lolote, keshokutwa anaambiwa afinye mkono naye anafinya.

Mpaka kati ya hali ya pili na ya tatu huwapotea hata mabingwa. Mwaka 2009 watafiti nchini Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 44 ambao timu za watabibu wao zilikubaliana kuwa hawana utambuzi wowote. Walipopimwa kwa kipimo maalumu cha hatua kwa hatua, 18 kati yao walikutwa nao. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Adrian Owen na wenzake kule Cambridge walimlaza ndani ya mashine ya picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari, wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anapita katika vyumba vya nyumba yake. Mwili haukutikisika, lakini ubongo ukawaka mahali pale pale unapowaka kwa mtu mzima wa afya. Mashine ya namna ile, pamoja na wataalamu wa kuzisoma picha zake kwa kazi hiyo, haipo Bukoba wala Muleba, na si haki familia ikae kuisubiri. Ninachosema ni kwamba chombo bora cha kupima utambuzi mkoani Kagera tayari kipo, nacho ni yule mama, dada au binti anayemgeuza mgonjwa usiku. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha namna ya kutazama, na mtu wa kupokea anachokiona.

Sababu ya kwanza ni muda. Utambuzi hafifu huja na kupotea ndani ya siku moja. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima wagonjwa 123 kwa kurudia rudia ulionyesha kuwa kipimo kimoja hakitoshi. Vinahitajika visivyopungua vitano katika muda mfupi. Daktari mwenye wodi iliyojaa, awe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Rubya au Ndolage, hana nafasi hiyo. Anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia humsogelea mara 12 kwa siku, mbali na nyakati za kumlisha uji kwa mpira wa puani akiwa ameinuliwa kifua usije ukaingia mapafuni, kumwosha, na kumnyoosha viungo visikakamae. Na Kagera si mkoa wa kufundishwa kuuguza upya. Ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikoripotiwa mwaka 1983, na miaka iliyofuata, dawa hazijaja, watu waliuguzwa nyumbani, ndani ya vibanja vya migomba, mikononi mwa bibi na shangazi. Ujuzi ule haukuandikwa vya kutosha, lakini haujafa.

Mtu atasema, na ana hoja, kwamba ndugu huona anachotamani kuona. Mkono wa mgonjwa hushika kidole kama wa mtoto mchanga, bila kutaka; macho hupepesa; chozi hutoka, na chumba kizima kikasema ametusikia. Lakini dawa ya macho yenye matumaini ni utaratibu, kwa daktari na kwa ndugu vilevile. Mwambie afinye mkono, hesabu polepole hadi kumi, andika. Rudia. Safari nyingine kaa kimya muda ule ule, uandike pia, maana mkono unaofinya bila kuambiwa haujatii. Kipimo kinachotumika kimataifa huihesabu ishara kama utii inapojirudia angalau mara 3 katika majaribio 4. Kwa macho, kioo kidogo cha kunyolea kinatosha: mwaka 2008 ilionekana kwamba wenye utambuzi hafifu hufuata sura yao wenyewe kwenye kioo zaidi ya wanavyofuata kitu kingine au hata mtu. Na kwa masikio, jina la mgonjwa humgeuza kichwa kuliko kengele. Hapo nyumbani panaishinda hospitali. Bibi wa Kamachumu anayepewa amri kwa Kiswahili cha haraka, akiitwa jina la ubatizo lililoandikwa kwenye faili, anaweza kuonekana hana kitu kichwani. Mwiteni jina lake la Kihaya, kwa sauti ya mwanawe, mumwambie kwa Kihaya, ndipo mseme mmempima.

Pingamizi zito zaidi ni lile la gharama. Hata akikutwa na utambuzi kidogo, tiba iko wapi? Kitanda kimoja kinaweza kumla mtu mzima mmoja wa shamba, kikamtoa binti shuleni. Siwezi kulipuuza hilo katika mkoa ambao kaya zake zaidi ya 900 zilifuatiliwa kuanzia 1991 hadi 1994 ili kujua kifo cha mtu mzima kinaiachaje familia. Ila jibu la kipimo hubadilisha mambo ya kila siku. Picha za ubongo za mwaka 2008 zilionyesha kwamba wenye utambuzi hafifu huyapokea maumivu karibu sawa na mtu mwenye afya; basi kidonda chao kisisafishwe bila dawa ya maumivu. Hubadilisha pia makadirio. Zamani aliyekosa hewa kwenye ubongo alihesabiwa hana matumaini baada ya miezi 3, na aliyepigwa kichwa baada ya mwaka. Mwaka 2018 mwongozo wa Marekani uliliondoa neno "ya kudumu" katika jina la hali ile ya pili, kwa kuwa wachache walionekana kuamka baadaye, wengi wao wakibaki na ulemavu mkubwa. Familia inayojua hayo huamua kwa akili kama iuze ng'ombe kwa ajili ya safari ya Hospitali ya Bugando, au imtunze palipo na watu wake na kumpa binti zamu ya kupumzika.

Kioo nacho kina mwisho wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watu 241 hawakuonyesha kwa mwili ishara yoyote ya kutii amri. Vipimo vya ubongo vilionyesha kuwa 60 kati yao walikuwa wakitii kimyakimya. Ni robo. Robo tatu hawakuonyesha hata hilo, na mwuguzaji ana haki ya kuambiwa namba zote mbili. Ila kwa sababu ya hiyo robo, habari za mazishi na za kugawana kibanja zizungumziwe nje ya chumba.

Basi mgonjwa anaporuhusiwa, pamoja na mpira wa akiba na karatasi ya dawa, ndugu apewe daftari la kawaida la shule lenye mistari iliyokwisha kuchorwa: tarehe, saa, nimemwambia nini, nimesubiri, amefanya nini. Mhudumu wa afya wa kitongoji alipitie kila mwezi. Na siku mgonjwa anaporudishwa kliniki, daktari alisome kabla ya kuinua kope la mgonjwa na kumulika tochi.