Fahamu: Jinsi panya wanavyosaidia kusaka protini zinazoashiria multipo sklerosisi

Multipo sklerosisi ni ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mayelini, yaani utando wa mafuta na protini unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, hivyo kuchelewesha au kukatiza ujumbe unaopita humo.

Ili kuutambua mapema na kufuatilia mwenendo wake, wanasayansi husaka viashiria vya kibayolojia, yaani protini ambazo kiwango chake katika damu au katika majimaji yanayouzunguka ubongo hubadilika kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kwa kuwa ni vigumu kuchukua tishu za ubongo wa mgonjwa aliye hai, wanyama hutumiwa. Mwaka 1933, Thomas Rivers na wenzake nchini Marekani waliripoti kuwa baadhi ya kima waliodungwa mara nyingi dondoo la ubongo walipata uvimbe wa ubongo na uharibifu wa mayelini. Siku hizi panya hudungwa vipande vya protini za mayelini ili kinga yao iishambulie, kisha protini zao hupimwa hatua kwa hatua.

Mojawapo ya protini zinazofuatiliwa ni nyurofilamenti nyepesi, sehemu ya kiunzi cha nyuzi za neva, ambayo huvuja nyuzi hizo zinapoharibika. Hata hivyo, huongezeka pia baada ya kiharusi, na kwa vile panya hawaugui multipo sklerosisi yenyewe, kila kiashiria kinachogunduliwa kwao hakina budi kuthibitishwa kwa wagonjwa.