Gunia la Mahindi katika Nyumba ya Mabati: Ukavu na Tarehe Ndizo Kinga

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako kaya nyingi hununua mahindi na maharagwe kwa gorogoro, yaani mkebe wa takribani kilo 2, kuchanga fedha katika chama na kugawana gunia zima hupunguza bei ya kila kilo. Hata hivyo, nafuu hiyo hupotea endapo nafaka haitakaa pakavu, kwa kuwa chumba cha mabati hushika joto mchana na kupoa usiku, na mvuke wa sufuria hugeuka matone yanayorudi kwenye chakula.

Unyevu huo hustawisha kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo hutoa aflatoksini, sumu isiyoonekana kwa macho, isiyokwisha kwa upishi wa kawaida, na inayosababisha saratani ya ini. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi yaliwadhuru watu 317, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki.

Mahindi ya kuhifadhiwa hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na kipimo anaweza kutia mahindi na chumvi iliyokaushwa vizuri katika chupa kavu ya kioo, kuifunga, kuitikisa na kuiacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka hiyo inahitaji kuanikwa zaidi. Ikishakauka, itiwe katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, kwani hewa ikikosekana fukusi hufa, na ndoo hiyo iinuliwe kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta.

Kila chombo kibandikwe karatasi yenye jina la chakula, tarehe ya kununuliwa na tarehe ya kufunguliwa, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kuliwa. Unga wa posho mill hauna budi kusagwa kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini cha punje huchacha upesi. Mafuta ya taa na dawa ya fukusi visitiwe kamwe katika chupa za soda au mikebe ya chakula, na viwekwe mbali na watoto.

Nafaka iliyoota kuvu isioshwe ili ipikwe, isichanganywe na nzima, wala isilishwe kuku au ng'ombe: itupwe, kwa maana hasara ya gorogoro moja ni ndogo kuliko hasara ya ini.