Tovuti Imezinduliwa, Nani Anaitunza?

Ofisi zetu zina desturi moja. Tovuti ikiwa tayari, mgeni rasmi hualikwa, hotuba husomwa, kitufe hubonyezwa, picha hupigwa. Juma linalofuata kijana aliyeitengeneza hulipwa fedha zake akaenda zake. Tangu hapo ukiuliza nani anaiangalia kompyuta inayoitoa tovuti ile kwa wananchi, kila mtu humtazama mwenzake. Leo nataka tuizungumzie kompyuta hiyo, ambayo wataalamu huiita seva, na hasa kazi ya kuipanga na kuitunza. Siku hizi ndani yake mmewekwa mambo yetu wenyewe: namba za vitambulisho, majalada ya wagonjwa, stakabadhi za kodi, vyeti vya watoto.

Kwanza tuelewane. Seva si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi usiku wala mchana, na ndani yake mna programu ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu. Wale mliowahi kufanya kazi serikalini mtanielewa nikisema kwamba programu hiyo ni karani wa masijala. Mtu anafika dirishani, anataja jalada; karani anakwenda kabatini, analitoa, anampa. Zile namba zinazojitokeza kwenye simu zenu tovuti inapogoma ndiyo majibu ya karani huyu. Akisema 404, maana yake jalada halikuonekana. Akisema 403, huruhusiwi kulitazama. Akisema 500, yeye mwenyewe amekwama, au amekwama yule anayemtegemea huko ndani. Kwa hiyo ukiona 500 usihangaike kuzima na kuwasha simu yako. Tatizo liko kwao.

Karani wa kwanza wa namna hii alianza kazi mwishoni mwa mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, kwenye kompyuta ya Mwingereza Tim Berners-Lee. Kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu ya kuwaonya watu wasiizime. Mwaka 1995 ikatoka programu iitwayo Apache, na mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev akatoa yake, Nginx. Zote mbili hutolewa bure, na sehemu kubwa ya tovuti za dunia hutegemea moja kati ya hizo.

Kuiweka programu hiyo ni kazi ya nusu saa. Kijana anayeifahamu Linux huandika amri mbili tatu, na ukurasa unaonekana. Hapo ndipo wakubwa wanapodanganyika, wakadhani kazi imekwisha.

Karani wetu hafanyi lolote ila kwa waraka. Waraka huo ni faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kulifungua. Humo huandikwa asikilize mlango namba ngapi: 80 kwa mawasiliano ya wazi, 443 kwa yale yaliyofungwa kwa siri. Huandikwa majalada yapo folda gani. Huandikwa majina ya tovuti anazozihudumia, maana seva moja inaweza kubeba tovuti ishirini, na karani huzitofautisha kwa kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha ya ombi. Jina lisipolingana na lolote, Apache humpa mgeni tovuti iliyotangulia katika orodha. Ndiyo maana pengine umewahi kuandika anwani ya shule ukaletewa duka la vipuri. Programu zote mbili zina amri fupi ya kukagua waraka kabla haujaanza kutumika. Nukta mkato moja ikisahaulika katika Nginx, amri hiyo itakuambia ni mstari gani. Asiyeitumia huigundua nukta hiyo saa nne asubuhi, ofisi imejaa watu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Karani huyu ni mtiifu kupita kiasi na hana haya. Kisichokatazwa katika waraka, anakitoa. Hebu tuchukue mfano. Chuo kimewataka waombaji walete nakala za vitambulisho na vyeti kwa njia ya tovuti. Nakala zinahifadhiwa katika folda moja. Folda hiyo haina ukurasa wa mbele, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mgeni ataiomba folda yenyewe. Lakini waraka unaokuja na Apache, kwa kawaida, una neno Indexes, ambalo maana yake ni kwamba pasipokuwa na ukurasa wa mbele, karani aonyeshe orodha ya vyote vilivyomo. Mtu anafuta kipande cha mwisho cha anwani, anabonyeza, na mbele yake zinajipanga nakala zote, jina kwa jina. Hakuna kufuli lililovunjwa. Karani ameulizwa, akajibu. Dawa yake ni kuliondoa neno hilo moja, na nakala kama hizo zisiwekwe kabisa ndani ya folda ambayo karani anaruhusiwa kuigusa.

Kanuni ya kazi hii ni kufunga kila kitu kwanza, kisha kufungua kile tu kinachohitajika. Waraka wa asili wa Apache umeandikwa hivyo: unaikataza kompyuta nzima, halafu unaruhusu folda ya tovuti. Umuhimu wa mstari huo wa katazo ulionekana Oktoba 2021. Toleo la Apache namba 2.4.49, lililokuwa na majuma machache tu, lilikutwa na kasoro: mgeni akiandika nukta fulani kwa namna ya kificho ndani ya anwani, aliweza kumtoa karani nje ya chumba chake, akamletea mafaili ya sehemu nyingine za kompyuta. Marekebisho ya tarehe 4 hayakutosha, ikabidi yatolewe mengine tarehe 7. Lakini waliokuwa wameuacha mstari ule mahali pake kwa kompyuta nzima walikingwa. Walioumizwa ni wale waliokuwa wameufuta au kuulegeza, mara nyingi kwa sababu siku moja kitu kilikataa kufunguka na mtu alikuwa na haraka.

Haraka hiyo ina namba yake, nayo ni 777. Katika Linux kila faili lina ruhusa za mwenyewe, za kundi lake, na za watu wengine wote. Ukiweka 777, umesema kila mtu asome, aandike na aendeshe. Mafundi huipenda kwa sababu inaondoa malalamiko papo hapo. Ni sawa na mlinzi aliyechoka kufungua geti akaling'oa. Seva iliyopangwa vizuri haimpi karani uwezo wa kuandika isipokuwa pale penye sababu, wala haimwachi afanye kazi kwa jina la mtumiaji mkuu, ili mhalifu akimteka karani asiwe ameiteka kompyuta nzima.

Kuna pia daftari la wageni. Kila ombi huandikwa: saa, lilikotoka, lilitaka nini, lilijibiwa nini. Weka seva mpya leo, usimwambie mtu, kisha soma daftari hilo kesho. Utakuta wageni usiowajua, nao si watu bali ni programu zinazozunguka mtandaoni zikijaribu milango: zinauliza kama kuna ukurasa wa kuingilia wa WordPress, zinauliza faili liitwalo .env, ambalo watengenezaji wa programu hulitumia kutunzia maneno ya siri ya hifadhidata. Zikijibiwa 404, zinapita. Zikijibiwa 200, maana yake zimepewa. Mtu akilisoma daftari hili mara moja kwa juma ataona mengi. Tatizo ni kwamba katika ofisi nyingi hakuna aliyepewa kazi hiyo, na lisipopangiwa utaratibu wa kupunguzwa, daftari hujaa mpaka diski ikaisha nafasi na seva ikasimama.

Nakala za akiba nitazitaja kwa kifupi: ziwe kwenye kompyuta nyingine, na mara moja moja zirudishwe kwa majaribio, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni nzima.

Kuhusu kusasisha programu, mfano mkubwa uko Marekani. Machi 2017 ilitangazwa kasoro katika Struts, programu ya kujengea tovuti, na dawa yake ikatolewa mara moja. Kampuni ya Equifax, inayotunza habari za madeni ya watu, haikuiweka dawa hiyo katika mojawapo ya tovuti zake. Mwezi Mei wezi wakaingia, wakakaa humo hadi mwisho wa Julai, na habari za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Tena kampuni ilikuwa na chombo cha kukagua yapitayo kwenye mtandao wake, ila kilikuwa hakioni, kwa sababu cheti chake kilikuwa kimekwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Kilipohuishwa, mambo ya kutia shaka yakaonekana mara moja.

Cheti ndicho kinachothibitisha kwamba seva unayozungumza nayo ndiyo yenyewe, na ndicho kinachowezesha mazungumzo kufungwa kwa siri. Kina tarehe ya mwisho kama leseni ya gari. Kikipita, kivinjari humwonya mwananchi kwamba tovuti si salama, naye hajui kama amekutana na mwizi au na uzembe. Tangu mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure vya siku 90, na ipo programu ya kuvihuisha yenyewe bila mtu kugusa. Hata hivyo ofisi nyingi zilizoea kununua cheti cha mwaka mzima na kumwachia mtu mmoja kukumbuka tarehe. Lakini Aprili 2025 watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipitisha ratiba mpya: kuanzia Machi 2026 cheti kipya kisizidi siku 200, kuanzia Machi 2027 siku 100, na kuanzia Machi 2029 siku 47. Ofisi iliyozoea kukumbuka mara moja kwa mwaka itatakiwa kukumbuka karibu mara nane, na yule kijana aliyeitengeneza tovuti ameshabadilisha namba ya simu.