Adhuhuri ya Wenye Reli

Jumapili ile ya Machi ambapo Wamarekani husogeza mishale ya saa mbele kwa saa nzima, nilichelewa kuwafikisha watoto madrasa, na msimamizi, ambaye naye ni mgeni wa nchi hii kama mimi, akasema mbele ya wazazi wenzangu kwamba watu wa Mombasa saa hawaijui. Sikumjibu. Walakini neno lilinikaa rohoni; na nilipowachukua wanangu kwenda mji mdogo wa Durand, hapa Michigan, kutazama makumbusho ya reli yaliyomo ndani ya stesheni iliyojengwa mwaka 1903, ikaungua mwaka 1905 na kujengwa tena, nilikwenda kutafuta hoja zaidi ya matembezi.

Hesabu ya saa ya kwetu haihitaji sherehe. Ya huku ndiyo yenye kisa, kwani zamani kila mji wa Marekani ulikuwa na adhuhuri yake, jua linapofika utosini, hata reli zilipotanda nchi nzima makampuni yakawa yanatumia nyakati zaidi ya 50 zinazokhitilafiana, na abiria mwenye kubadili garimoshi hana budi abadili na saa. Ndipo William F. Allen, katibu wa mkutano wa makampuni hayo, alipochora ramani ya kanda, na tarehe 18 Novemba 1883 wenye reli wakaigawanya nchi wasingoje sheria, ambayo serikali haikuitunga mpaka mwaka 1918. Na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta na huu mtindo wa kusogeza saa, ulionitia aibu madrasa. Detroit iliishikilia saa ya jua hadi mwaka 1900, na baraza la mji lilipoamuru saa zirudishwe nyuma dakika 28, nusu ya wenyeji walitii na nusu wakakataa. Mimi ningekuwa na hao waliokataa.

Ajabu ni kwamba garimoshi lenyewe halijapatana na mtindo huo. Usiku wa Novemba saa zirudishwapo, magarimoshi ya Amtrak yaliyo njiani hungojea saa nzima yasije yakatangulia ratiba. Na Machi, usiku uleule ulioniponza, huwa yamechelewa saa moja kwa ghafla, wala hapana anayeyauliza yametoka pwani gani.

Yote haya niliwaeleza wanangu mbele ya kabati la vioo lenye saa ya mfukoni ya dereva, yenye uso wazi usio na kifuniko, tarakimu nyeusi nene, na kitufe cha kuitilia ufunguo kikiwa juu penye 12. Saa za namna hiyo ziliwekewa masharti makali baada ya ajali ya Kipton, Ohio, mwaka 1891, ambapo, kwa ilivyosemwa, saa ya dereva mmoja ilisimama dakika 4 kisha ikaendelea, magarimoshi mawili yakakutana uso kwa uso. Tangu hapo saa ya kazini haikuruhusiwa kupotea zaidi ya nusu dakika kwa wiki. Nilikuwa nataka kuingia katika habari za Webb Ball, sonara aliyeyaandika masharti hayo, lakini kifungua mimba wangu alikwisha kusikia kwa mzee wa makumbusho kwamba Agosti 1903, papo hapo Durand, garimoshi la pili la sarakasi ya Wallace lilishindwa kushika breki likaliparamia la kwanza, wakafa watu zaidi ya 20, na ndovu, na ngamia.

Basi saa ikasahauliwa. Njia nzima ya kurudi ikawa ndovu. Mwanangu akashikilia kwamba ndovu wa Tsavo asingekubali kupakiwa, ilhali Tsavo hajaiona ila katika simu ya babu yake. Dadake akasema angekubali akipewa miwa. Kisha akaniuliza, "Baba, ngamia wale waliombewa dua?" Nikamwambia akamwulize mama yake, nami nikatafuta pa kutia petroli.