Kitabu kipi tuchukue tukienda Misri?

Familia nyingi za Kiislamu za Afrika Mashariki zina kijana anayesoma Al-Azhar, au zina jirani mwenye kijana huko. Wazazi wakijaaliwa uwezo hutamani siku moja wamtembelee, na wakishafika Cairo hawatapenda kurudi bila ya kuziona piramidi za Giza, mahekalu ya Luxor na ile misikiti mikongwe ambayo majina yake wameyasikia tangu walipokuwa chuoni. Ni safari ya kudunduliza, pengine kwa miaka. Nauli hupangwa mapema, viza hushughulikiwa mapema, zawadi za mwenyeji hufungwa mapema. Lakini kitabu cha mwongozo, ambacho ndicho kitakachoamua familia ione nini na ikione kwa jicho la nani, huazimwa siku mbili kabla ya safari kwa mtu aliyekwenda huko zamani.

Tumeona wiki hii tulizungumze jambo hilo, kwa sababu kitabu kibaya kinaweza kuipotezea familia siku nzima katika safari ya siku saba. Tena kinaweza kuwapotezea watoto kitu kikubwa zaidi, kama tutakavyoeleza.

Kwanza tufahamu kwamba vitabu vingi vya aina hii vinavyopatikana madukani kwetu ni vya Kiingereza, na kila mwandishi huwa na msomaji wake akilini. Ukivisoma kwa makini utamwona msomaji huyo. Anasafiri peke yake au na mwenzake, hajui adhana ni nini, anahitaji kuonywa kwamba msikitini viatu huvuliwa, na jioni anataka aelekezwe atakapopata kinywaji chake. Hatumlaumu mwandishi. Ila mzazi wa Kiislamu ajue kwamba sehemu ya fedha anazolipa zinanunua kurasa ambazo hazimhusu, na kwamba mambo yanayomhusu huenda yamepewa mistari miwili.

Desturi hii ina umri mrefu. Mwaka 1847 mchapishaji John Murray wa London alitoa mwongozo wa Misri ulioandikwa na Gardner Wilkinson, mtaalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1877 Wajerumani wa Baedeker wakatoa wao, na mwaka uliofuata ukatoka kwa Kiingereza. Vilikuwa vitabu vya kazi iliyofanywa kwa bidii, na ramani zake zilisifiwa. Lakini viliandikwa kwa ajili ya wageni waliokuja kuwatazama mafirauni, na Wamisri waliokuwa hai walionekana humo zaidi kama wapagazi, waongoza punda na watu wa kupatana nao bei. Harufu ya mtazamo huo haijaisha katika baadhi ya vitabu vya leo, ingawa lugha imelainishwa.

Basi msomaji wetu atapimaje kitabu ambacho kinasimulia nchi asiyoijua? Sisi tunapendekeza akipime kwa nchi anayoijua. Wachapishaji wengi wa miongozo wana pia kitabu cha Tanzania au cha Kenya. Kabla ya kununua cha Misri, fungua hicho cha kwetu na usome ukurasa wa Kilwa Kisiwani. Je, kinaueleza Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye? Kinaitaja Husuni Kubwa na Sultan Al-Hasan bin Sulaiman, na kwamba Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331 akausifu? Au kinasema tu kwamba wageni kutoka ng'ambo walikuja wakajenga, kana kwamba Waswahili wenyewe walikuwa wamelala? Mchapishaji aliyeruhusu uzembe juu ya Kilwa hatakuwa mwangalifu juu ya Fustat. Na aliyetuma mtu Kilwa akatembea kwa miguu, akauliza na akaandika sawasawa, ana haki ya kuaminiwa.

Kipimo cha pili ni umri wa kitabu, na hapa Misri haina huruma. Tarehe 3 Aprili 2021 miili 22 ya wafalme na malkia wa kale ilihamishwa kwa maandamano makubwa kutoka makumbusho ya Medani ya Tahrir hadi Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, Fustat. Tarehe 1 Novemba 2025 yakazinduliwa rasmi Makumbusho Makuu ya Misri, karibu na piramidi za Giza, na huko ndiko vilikopelekwa vitu vya kaburi la Tutankhamun, zaidi ya 5,000. Kitabu kilichochapishwa kabla ya matukio hayo kitakupeleka Tahrir kuvitafuta vitu ambavyo havipo tena. Bei nazo ni vivyo hivyo. Machi 2024 paundi ya Misri ilishuka kwa ghafla, kutoka kama 31 kwa dola moja hadi karibu 50, na tangu hapo kila bei iliyochapishwa kabla yake ni historia tu. Tazama basi ukurasa wa nyuma ya jalada, palipoandikwa mwaka wa toleo. Neno "toleo jipya" lililo juu ya jalada lisikutoshe.

Sasa tuje kwenye lile tulilosema ni kubwa zaidi.

Katika Surat Yunus, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anaeleza juu ya kuokolewa kwa mwili wa Firauni ili uwe ishara kwa watakaokuja baada yake. Kila mzazi wa Kiislamu atakayesimama na watoto wake mbele ya kioo cha mfalme aliyekaushwa atakumbuka aya hiyo, na ni vizuri aikumbuke. Lakini Qur'ani haikutaja jina la mfalme huyo. Pamoja na hayo, kuna vijitabu na risala zinazozunguka miongoni mwetu zikidai kwa uhakika kwamba ni Ramses II, na kwamba mwili wake uliokotwa baharini. Habari hiyo ya kuokotwa baharini si kweli. Mwili wa Ramses II ulikutwa na wenzake katika maficho ya Deir el-Bahari, kwenye milima ya magharibi ya Luxor, maficho ambayo ukoo mmoja wa kijiji cha Qurna, ukoo wa Abd el-Rassul, uliyajua kwa miaka kadhaa kabla ya maofisa kuyafikia mwaka 1881. Mwanawe, Merneptah, ambaye wengine humtaja yeye kuwa ndiye, alikutwa mwaka 1898 ndani ya kaburi la mfalme mwingine katika Bonde la Wafalme. Makuhani wa kale ndio waliowahamisha na kuwaficha, kwa kuwaogopa wezi wa makaburi.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu mtoto wa darasa la sita anajua kusoma. Baba akimwambia mbele ya kioo kwamba mtu huyu alitolewa majini, naye akasoma kwenye bango kwamba alitolewa kwenye pango la mlimani, huenda asimwulize baba kitu. Atanyamaza, na swali lake litakua pamoja naye, wala halitabaki juu ya Ramses peke yake. Aya ya Mwenyezi Mungu haina haja ya kuegemezwa kwenye hadithi ya mitaani. Kitabu kinachofaa familia ni kile kinachoeleza maiti zilikutwa wapi na lini, na kinachokiri kwamba wataalamu hawajakubaliana Firauni wa zama za Nabii Musa (a.s.) alikuwa yupi. Ukikuta kitabu kinachotangaza jina kwa yakini, kiwe kimeandikwa na Muislamu au asiye Muislamu, kirudishe rafuni.

Hapo hapo lipo suala la adabu ya kuzuru magofu ya waliotutangulia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, makazi ya watu wa Thamud, aliwaagiza maswahaba wasiingie ila wakiwa katika hali ya kulia. Ufafanuzi wa hukumu yake tunawaachia masheikh. Tunachosema ni kwamba kitabu kinachomhimiza mgeni muda wote asimame wapi ili picha yake itoke vizuri hakitamsaidia mtu anayetaka kutafakari.

Kuna mahali pawili ambapo tungependa kila msomaji wetu apatafute katika faharasa kabla ya kulipa.

Pa kwanza ni msikiti wa Abu al-Hajjaj, Luxor. Msikiti huu, unaonasibishwa na walii wa karne ya 13, umesimama ndani ya hekalu la kale la Luxor, juu ya nguzo za ukumbi wa Ramses II, na hadi leo watu wanaswali humo. Ulipojengwa, mchanga na vifusi vilikuwa vimelifukia hekalu. Wachimbuaji walipoviondoa mwishoni mwa karne ya 19, mlango wa zamani wa msikiti ulibaki ukining'inia juu ya ukuta, mbali na ardhi. Hakuna mahali ambapo mtoto atauona mpito wa zama kwa macho yake kama hapo. Vitabu vingine huutaja msikiti huu kama kitu kinachoziba mandhari ya hekalu. Ukiliona neno la namna hiyo, umeshajua unasoma kitabu cha nani.

Pa pili ni kaburi la Imam Shafii, Cairo. Sisi watu wa mwambao tumelelewa juu ya madhehebu yake. Swala zetu na ndoa zetu zimepita katika vitabu vya wanafunzi wake. Alifariki Misri mwaka 204 Hijria, sawa na mwaka 820, na kuba lililopo juu ya kaburi lake lilijengwa mwaka 1211, zama za Al-Kamil, mpwa wa Salahuddin. Juu kabisa ya kuba hilo kuna mashua ndogo ya shaba, jambo ambalo mtu wa Lamu au wa Pemba hatalipita bila ya kutabasamu. Kitabu chenye kurasa arobaini za makaburi ya mafirauni na mstari mmoja wa Imam Shafii kinaweza kuwa kizuri kwa mambo mengine, lakini itabidi ukiongezee kingine.

Mambo ya matumizi tutayapitia upesi. Ramani ziwe zinasomeka bila miwani ya mtoto wa shule, na zioneshe ngazi na miinuko, maana bibi wa miaka sabini hataingia kwenye njia nyembamba ya ndani ya piramidi. Kitabu kiseme ukweli kuhusu umbali: Luxor iko zaidi ya kilomita 600 kusini mwa Cairo, na Abu Simbel ni kama kilomita 280 mbele ya Aswan, kwa hiyo haviunganishwi katika siku moja hata kama wakala wa safari ameahidi. Kiseme pia kwamba miezi ya Juni hadi Agosti joto la Luxor hupita nyuzi 40, kwani hiyo ndiyo miezi ambayo wengi hutaka kwenda. Kuhusu chakula halali msihangaike na kitabu chochote, mko Misri. Simu nayo ina kazi yake, lakini ndani ya makaburi mtandao hupotea, na betri huisha saa ile ile mnapoihitaji.

Kwa mwenye fedha kidogo, ushauri wetu ni kugawa. Cha bei, ramani na usafiri kiwe kipya, hata kikiwa chembamba. Cha historia kinaweza kununuliwa kwa wauza vitabu vya mtumba, kwani Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879, haujahama.

Na kabla ya kumaliza, kuna mwongozo mmoja ambao hautajwi sana katika maduka haya. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162, aliishi Misri na akaandika aliyoyaona. Alizipima piramidi kwa jicho la mwanasayansi, akastaajabia jinsi mawe yalivyoshikana, na akawalaumu waliobomoa athari za kale kwa tamaa ya hazina. Ndiye aliyesimulia jinsi Al-Aziz Uthman, mtoto wa Salahuddin, alivyoshawishiwa kuivunja piramidi ndogo ya Giza, na jinsi watu walivyoshinda huko miezi minane wakaondoka wamechoka, wakiacha kovu upande wa kaskazini ambalo lipo hadi leo. Kitabu chake kimetafsiriwa kwa Kiingereza, na si kinene. Kijana aliyeko Al-Azhar aambiwe akitafute kwa Kiarabu kabla wazazi hawajafika, na siku ya kwenda Giza awasomee wadogo zake kisa hicho pale pale chini ya kovu lenyewe.