Linda ini lako: anzia ghalani, malizia jikoni

Mwaka 2016 ugonjwa wa kutisha uliingia katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu waliumwa matumbo na kutapika. Macho yao yaligeuka manjano, na matumbo yakavimba. Wagonjwa 68 walihesabiwa. Kati yao, 20 walikufa. Wataalamu walichunguza, wakakuta chanzo ni mahindi waliyokuwa wakila nyumbani. Mahindi hayo yalikuwa na sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini.

Dodoma ni mbali na Kiseke. Lakini ugali ni ule ule. Hapa kwetu pwani ya Ziwa Victoria tunakula mahindi na karanga, na hewa yetu ina joto na unyevu. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

SUMUKUVU NI NINI?

Mahindi au karanga zikihifadhiwa mbichi huota ukungu. Aina fulani za ukungu huo hutengeneza sumu. Ukungu unaweza kuuona. Sumu yenyewe huwezi kuiona. Haina harufu wala ladha. Tena moto wa jikoni hauimalizi. Ukipika ugali ukaiva vizuri, sumu bado imo. Ukipika pombe kwa mahindi hayo, sumu inaweza kubaki kwenye pombe. Ukimlisha ng'ombe, sumu huingia kwenye maziwa.

Dunia ilianza kuifahamu sumu hii baada ya mwaka 1960. Mwaka huo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Walikuwa wamelishwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Jirani zetu wa Kenya nao walipata msiba mwaka 2004. Watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

INAUA KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni ya haraka. Mtu hula sumu nyingi kwa siku chache, ini likashindwa kazi. Hivyo ndivyo ilivyotokea Dodoma na Manyara.

Njia ya pili ni ya polepole. Mtu hula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi. Haumwi, analima na kuvua kama kawaida. Lakini ndani ya ini sumu inaharibu chembe hai za mwili. Mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ini.

Hatari huzidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huu huletwa na virusi, nao peke yake unaweza kuleta saratani. Vikikutana na sumukuvu, ni kama moto na mafuta ya taa. Wataalamu wamekadiria kwamba kwa mtu mwenye virusi hivyo, nguvu ya sumukuvu kuleta saratani huwa kubwa mara 30 hivi.

JE, MBOGA ZA MAJANI ZINAWEZA KUTULINDA?

Swali hili wataalamu wamelichunguza. Nchini China kuna wilaya inayoitwa Qidong. Zamani watu wa huko walikula mahindi mengi yenye sumukuvu, na saratani ya ini iliua wengi.

Unajua kwamba majani ni kijani kwa sababu yana rangi ya kijani ndani yake. Rangi hiyo inaitwa klorofili. Wataalamu walitengeneza vidonge kutokana na rangi hiyo. Wakawapa watu wa Qidong wasio wagonjwa wameze mara tatu kwa siku, kwa muda wa miezi minne. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, ili wapate kulinganisha. Watu wote walikuwa 180. Kisha mkojo wao ulipimwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Waliomeza vidonge vya kijani walikuwa na alama za madhara ya sumukuvu pungufu kwa asilimia 55 kuliko wenzao.

Vidonge hivyo hufanyaje kazi? Inaonekana kwamba ile rangi hushikamana na sumu tumboni. Badala ya sumu kuingia kwenye damu, hutoka pamoja na choo.

Mboga za jamii ya kabichi nazo zina kitu kinacholisaidia ini kuvunja sumu. Jambo hili pia lilijaribiwa Qidong, kwa kinywaji cha miche ya mboga ya jamii hiyo. Lakini matokeo hayakuwa sawa kwa watu wote. Wengine walisaidika zaidi, wengine kidogo.

Ndugu msomaji, hapa tuelewane vizuri. Majaribio hayo yalipima alama za madhara ya sumu mwilini. Hayakuonyesha kwamba mla mboga hapati saratani. Tena vidonge si sawa na bakuli la mchicha. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nala mlenda, basi mahindi yaliyoota ukungu hayanidhuru." Mboga ni msaidizi. Haziwezi kufanya kazi ya ghala safi.

Watu wa Qidong wenyewe wametupa somo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 waliacha kula mahindi, wakala mchele zaidi. Sumukuvu ilipungua mwilini mwao. Baadaye vifo vya saratani ya ini vilipungua sana, hasa kwa vijana. Waliondoa sumu kwenye sahani kwanza.

SASA TUFANYE NINI?

1. Kausha vizuri. Anika mahindi na karanga juu ya turubai, mkeka au kichanja. Usianike juu ya udongo. Mvua ikija, funika.

2. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu. Tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi. Tikisa, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi. Anika tena.

3. Usiloweshe karanga ili zibanguke upesi. Maji hayo ndiyo yanayoalika ukungu.

4. Chambua. Toa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zilizosinyaa. Najua kutupa chakula kunauma, maana debe la mahindi ni fedha. Lakini ukichambua unatupa vibaya vichache na kuokoa vizuri vingi. Vile vibaya usivisage, usivipikie pombe, wala usiwape kuku. Vifukie.

5. Hifadhi mahali pakavu. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukinunua mahindi au unga sokoni, kagua kwanza. Ukiona dalili ya ukungu, acha.

6. Peleka mtoto chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika ile sindano anayopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usiruke hata moja. Mtu mzima aulize kituo cha afya kuhusu kupimwa.

7. Kula mboga za majani kila siku. Kiseke hatuna haja ya kununua vidonge vya kijani. Tuna mchicha, matembele, majani ya kunde, kisamvu, mgagani na mlenda. Usizipike mpaka zikapoteza rangi yake. Ukikausha nsansa, anika kivulini ili zibaki na ubora wake.

USICHELEWE HOSPITALI

Ukiona macho ya manjano, tumbo linavimba, unakonda, au una uvimbe au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda zahanati mapema. Wao watakuelekeza, hata kama ni kwenda Bugando. Usikae nyumbani ukinywa mizizi na majani kama dawa ya ini. Si kila mmea ni rafiki wa ini. Mingine ina sumu inayoliharibu zaidi.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Na hili la sumukuvu linataka umoja huo huo, kwa sababu turubai moja linaweza kutumiwa na nyumba tano.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kupika hakutoshi kuondoa sumukuvu?
2. Mahindi yaliyomo nyumbani kwako yalianikwa wapi?
3. Mboga za majani zinaweza kusaidia nini, na haziwezi kufanya nini?
4. Kikundi chenu kinaweza kununua nini kwa pamoja kabla ya mavuno yajayo?